Nitajuaje lipi ni fumbo la kweli na ipi ni hadithi iliyotiwa chumvi?

SWALI: Tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa nikifuatilia habari za maajabu: mawe yanayotembea yenyewe jangwani, ndege zinazopotea Bermuda, meli iliyokutwa baharini haina mtu, ishara za ajabu kutoka angani. Mwalimu wangu mmoja alisema yote ni uongo wa kuuzia magazeti. Rafiki zangu wanasema ni ushahidi kwamba sayansi imeshindwa. Sijui nimwamini nani. Halafu kuna mjomba wangu. Anaapa kwamba alipokuwa kijana aliona tufe la moto likiingia ndani ya nyumba wakati wa mvua ya radi, likaelea kidogo, kisha likapotea kwa mlio. Ukoo mzima humcheka. Je, ni mwongo? Na je, kuna fumbo ambalo hata ninyi wataalamu bado linawashinda?

JIBU: Mjomba wako msimcheke. Nitafika kwake baadaye na nitakaa naye kwa urefu, maana katika yote uliyoyataja habari yake ndiyo iliyonivutia zaidi. Lakini kabla ya hapo niseme kwa nini sikubaliani na mwalimu wako, wala na rafiki zako.

Wote wamechukua mambo yasiyofanana wakayahukumu kwa pamoja. Katika orodha yako fupi mna jambo lililotokea kweli na sababu yake ikapatikana. Mna ajali za kawaida zilizopambwa. Mna msiba wa kweli ambao hakubaki hata mtu mmoja wa kuusimulia. Na ukisema ishara kutoka angani, humo mna moja iliyotoka jikoni na nyingine ambayo hadi leo haina maelezo. Kila moja inastahili hukumu yake.

Habari ya namna hii inaponifikia, huwa na maswali mawili, na siruhusu la pili litangulie. La kwanza: ni nini hasa kilichoonekana au kurekodiwa, na nani, lini, kwa chombo gani? La pili: kilisababishwa na nini? Mabishano mengi unayoyasikia ni ya watu walioruka la kwanza. Wanagombana usiku kucha juu ya sababu ya jambo ambalo pengine halikutokea vile lilivyosimuliwa.

Mawe yanayotembea ni mfano wa jambo ambalo swali la kwanza lilijibika vizuri tangu mwanzo. Yako mahali panapoitwa Racetrack Playa, ziwa lililokauka ndani ya hifadhi ya taifa ya Death Valley, California. Sakafu yake ni tope kavu lililopasukapasuka, tambarare kabisa. Juu yake kuna mawe, mengine ya mamia ya kilo, na nyuma ya kila jiwe kuna mchirizi mrefu uliochimbika kwenye tope. Mingine imenyooka, mingine imepinda. Hakuna nyayo wala alama za magurudumu. Yeyote anaweza kwenda, akapiga picha, akapima. Wanajiolojia walianza kuandika juu ya mawe hayo miaka ya 1940, na kwa zaidi ya miaka sitini hakuna mtafiti aliyeliona hata jiwe moja likisogea.

Dhana zilikuwa nyingi: vimbunga vya vumbi, upepo mkali juu ya tope lenye utelezi, mabamba mazito ya barafu. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili walichomeka vigingi kuzunguka baadhi ya mawe. Hoja yao ilikuwa kwamba kama ni bamba la barafu linaloyavuta, vigingi vitalizuia. Jiwe dogo likapita katikati ya vigingi likaenda zake nje, na hoja ikabaki na utata.

Majira ya baridi ya mwaka 2011, Richard Norris na binamu yake James Norris, pamoja na wenzao, walifunga kituo cha hali ya hewa mahali hapo na kuweka mawe 15 yenye vifaa vya GPS ndani. Mawe hayo waliyaleta kutoka nje, kwa kuwa hawakuruhusiwa kutoboa mawe ya asili ya hifadhi. Kisha wakangoja. Desemba 2013 walikuta sehemu ya ziwa ina maji, yenye kina cha sentimita chache tu, na wakayashuhudia mawe yakienda mbele ya macho yao.

Kumbe hali lazima zikutane kwa namna ya pekee. Kwanza mvua inyeshe mahali ambapo karibu hapanyeshi. Usiku baridi igandishe uso wa maji kuwa barafu nyembamba, milimita 3 hadi 6. Asubuhi jua liichane barafu hiyo kuwa mapande makubwa yanayoelea. Halafu upepo mwepesi wa mita 4 au 5 kwa sekunde uyasukume mapande, nayo yayasukume mawe juu ya tope lililolainika chini ya maji. Mwendo ni mita 2 hadi 5 kwa dakika. Mtu akisimama mbali hatagundua kitu, kwa sababu barafu na mawe vinakwenda pamoja na mchirizi wenyewe umefunikwa na maji. Maji yakikauka, ushahidi unabaki na kilichofanya kazi hakipo tena.

Aliyesema mawe hayo ni uongo alikosea, na aliyesema sayansi imeshindwa alisema mapema mno. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kukaa pale, katika majira ambayo watu hawapendi kukaa pale.

Bermuda ni kinyume chake. Hapa swali la kwanza ndilo lililovunjika. Jina "Pembetatu ya Bermuda", la sehemu ya Atlantiki karibu na Florida, halikutoka kwa mabaharia wa kale, lilibuniwa na mwandishi Vincent Gaddis katika jarida moja la Marekani mwaka 1964. Miaka kumi na moja baadaye mkutubi mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Lawrence Kusche, alifanya kazi ambayo waandishi waliomtangulia hawakuifanya. Kila ajali iliyotajwa aliifuatilia katika magazeti ya tarehe ile ile, ripoti za hali ya hewa na nyaraka za uchunguzi. Akakuta meli zilizosemwa zilipotea "bahari ikiwa shwari" zilipotea ndani ya dhoruba. Akakuta moja iliyopatwa na mkasa wake Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa bara. Nyingine hakuona ushahidi kwamba ziliwahi kuwepo.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha ndege tano za mafunzo za jeshi la majini la Marekani, zilizoruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, alasiri ya tarehe 5 Desemba 1945 zikiwa na watu 14. Kiongozi wao aliripoti kwa redio kwamba dira zake hazifanyi kazi, na aliamini wako juu ya visiwa vya Florida Keys. Huenda walikuwa juu ya visiwa vya Bahamas, upande mwingine kabisa, mashariki mwa Florida. Ukiamini uko Keys, unaelekea kaskazini na mashariki kutafuta nchi kavu. Ukiwa Bahamas kweli, mwelekeo huo unakutupa katikati ya Atlantiki. Giza likaingia, hewa ikachafuka, mafuta yakawa yanakwisha. Ndege kubwa iliyotumwa kuwatafuta ikiwa na watu 13 nayo haikurudi, na mabaharia wa meli moja waliokuwa eneo hilo waliona miali ya moto na mafuta juu ya maji. Aina ile ya ndege ilijulikana kwa mivuke ya petroli iliyojikusanya ndani.

Sehemu hii huniumiza, nakwambia wazi. Vijana 27 walikufa jioni moja, na mazungumzo yao ya redio yamehifadhiwa. Unaweza kufuata dakika kwa dakika jinsi mtu mzoefu anavyopotea, jinsi wanafunzi wake wanavyoshuku kwamba amekosea uelekeo, na jinsi nidhamu inavyowafanya wamfuate. Msimuliaji anayeyafuta hayo yote na kuweka "nguvu isiyojulikana" hajaongeza ajabu yoyote. Amewaondoa binadamu katika habari yao wenyewe.

Meli iliyokutwa haina mtu, bila shaka unamaanisha Mary Celeste. Ilikutwa mwanzoni mwa Desemba 1872 kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, ikienda bila mtu usukani. Nahodha Benjamin Briggs, mkewe, binti yao mwenye umri wa miaka miwili na mabaharia saba hawakuonekana tena. Hilo ni kweli tupu. Lakini chai ya moto mezani na kifungua kinywa kisichoguswa ni nyongeza za waandishi wa baadaye. Mmoja wa waliochangia kukuza hadithi hii ni Arthur Conan Doyle, aliyeandika kisa cha kubuni juu yake mwaka 1884. Waliopanda melini walikuta mengine: mashua pekee haipo, vyombo vya kuongozea safari havipo, maji kiasi cha mita moja yamejaa tumboni mwa meli, na daftari la safari limeishia tarehe 25 Novemba karibu na kisiwa cha Santa Maria, huko huko Azores. Shehena ilikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi, na 9 kati yake yalikutwa matupu.

Ukiyasoma hayo unaona watu walioshuka kwa haraka, lakini kwa hiari, wakiogopa ama meli kuzama ama shehena kulipuka. Ipi kati ya hizo mbili? Hapo ushahidi unakoma. Hilo ni fumbo la kweli, lakini dogo kuliko linavyosimuliwa. Tunajua walikimbia kwa mashua, tusichokijua ni kilichowatisha.

Sasa nikupeleke Australia, kwenye darubini kubwa ya redio ya Parkes. Kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa kufundishia.

Mwaka 2007 mwanaastronomia Duncan Lorimer na wenzake walitangaza kwamba ndani ya data iliyorekodiwa Parkes mwaka 2001 wamekuta mlipuko mmoja wa mawimbi ya redio, mfupi mno, chini ya sehemu 5 za elfu za sekunde, wenye nguvu ya kutisha. Mawimbi ya masafa ya juu yalifika kwanza, ya chini yakachelewa. Hiyo ni dalili kwamba yalisafiri umbali mkubwa ajabu kupitia gesi iliyotawanyika angani. Mlipuko haukujirudia, na haukuonekana kwa darubini nyingine.

Baadaye darubini ile ile ikagundulika kuwa imekuwa ikinasa tangu mwaka 1998 ishara nyingine zinazofanana kidogo na ule mlipuko, ambazo kwa hakika zilitoka hapa hapa duniani. Watafiti walizipa jina la perytoni, mnyama wa kubuni ambaye kivuli chake hakilingani na mwili wake. Mashaka yakaingia. Kama hizi ni za duniani, hata ule mlipuko wa Lorimer si ungeweza kuwa wa duniani? Wapo walioanza kuutupilia mbali.

Angalia walichokifanya wanasayansi wa pale. Walitazama saa. Perytoni zilitokea mchana, siku za kazi, na nyingi karibu na saa za chakula. Walitazama pia jinsi darubini ilivyozipokea. Kipokezi chake kina "macho" 13 yanayoelekea sehemu tofauti kidogo za anga. Kitu cha mbali angani huonekana katika jicho moja au machache. Perytoni zilionekana katika yote 13 kwa pamoja, kama inavyotarajiwa kwa kitu kilicho karibu. Mwanzoni mwa 2015 kifaa kipya cha kufuatilia mwingiliano wa redio kilionyesha kwamba kila perytoni iliambatana na mawimbi ya gigahezi 2.4. Masafa hayo ni ya maikrowevu ya jikoni. Emily Petroff na wenzake wakaenda kuzijaribu maikrowevu za kituo hicho. Mtu akifungua mlango kabla muda haujaisha, kabla mashine haijajizima yenyewe, kwa sehemu ndogo ya sekunde mawimbi hutoroka. Darubini ikielekea upande unaofaa, inapata perytoni.

Habari zilizosambaa ulimwenguni zilikuwa za kuchekesha: wanasayansi wadanganywa na chakula chao cha mchana. Watu wengi waliishia hapo. Lakini ule mlipuko wa 2001 haukufanana na perytoni ulipopimwa kwa kipimo hicho hicho, maana ulionekana katika macho machache tu. Kwa hiyo kulitatua fumbo la jikoni kulilisafisha lile la angani likabaki na nguvu zaidi. Mingine ikapatikana. Mmoja, ulionaswa mara ya kwanza mwaka 2012, uligundulika kuwa unajirudia, na mwaka 2017 chanzo chake kikabainishwa: galaksi ndogo iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 3. Tarehe 28 Aprili 2020 mlipuko wa aina hiyo ukanaswa kutoka ndani ya galaksi yetu wenyewe, kwenye magneta, yaani mabaki mazito sana ya nyota iliyokufa yenye sumaku kali kupita kiasi. Leo tunajua angalau baadhi ya milipuko hutoka huko. Jinsi inavyozalishwa hasa, na kama yote ina chanzo kimoja, wanaastronomia bado wanabishana.

Basi mtu akikuambia "jambo fulani limeshathibitishwa kuwa ni uongo", muulize ni lipi hasa lililothibitishwa. Perytoni na mlipuko wa Lorimer vilirekodiwa na chombo kimoja, vikawekwa pamoja katika vichwa vya habari, na hatima zake zikawa mbali kabisa.

Tuje kwa watu wanaosema wameona kwa macho yao.

Kumbukumbu ya binadamu hubadilika baada ya tukio, na mwenye nayo asijue. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine "yaliposagana". Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwemo. Katika kundi la neno kali, 16 kati ya 50 walisema waliona. Katika kundi la neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Neno moja la muuliza swali lilitosha kuwaonyesha vioo, wala hawakuwa wakidanganya.

Kuna pia hali ambapo mtu anaona kitu ambacho mwenzake chumbani haoni, naye ni mzima wa akili. Anayekabwa na jinamizi akiwa macho, asiweze kuinua hata kidole, akahisi kuna mtu amesimama au amemkalia kifuani, yuko katika hali inayojulikana vizuri. Katika usingizi wa ndoto ubongo huulegeza mwili usiigize ndoto, na mara nyingine mtu huamka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto ikiwa bado inaendelea. Takriban mtu mmoja kati ya 13 hupatwa nayo angalau mara moja maishani. Hofu yake ni ya kweli kabisa, na kumwambia "hukuona kitu" hakumsaidii.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba shahidi hukosea daima na mtaalamu hupata daima. Historia haisemi hivyo, na nadhani sisi wa taaluma hizi tunapaswa kuikumbuka kuliko tunavyoikumbuka.

Wakulima wa Ulaya walisema mawe huanguka kutoka angani, na kwa muda mrefu wasomi wengi walilichukulia jambo hilo kuwa porojo. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe zaidi ya 3,000 yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa. Serikali ikamtuma mwanafizikia kijana, Jean-Baptiste Biot. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiwahoji watu wasiojuana, akachora ramani ya mahali mawe yalipoangukia, akayalinganisha na miamba ya eneo hilo. Ripoti yake ndiyo iliyowanyamazisha wenye mashaka. Ushahidi mzito ulitoka vinywani mwa wanakijiji, ila safari hii aliyewauliza alijua kuuliza.

Mabaharia nao walisimulia mawimbi yanayoinuka ghafla kama ukuta, marefu maradufu ya mengine yote. Hesabu za wakati huo zilisema wimbi la namna hiyo lingetokea kwa nadra mno, mara moja katika miaka elfu nyingi. Tarehe 1 Januari 1995 kipimo cha leza kwenye jukwaa la gesi la Draupner, pwani ya Norwei, kilirekodi wimbi la mita 25.6 katika bahari ambayo mawimbi yake makubwa yalikuwa na wastani wa takriban mita 12. Hesabu ndizo zilizobidi kubadilishwa.

Na marubani. Kwa miongo mingi baadhi yao walisema wameona mianga ikiruka kwenda juu kutoka kwenye mawingu ya radi, badala ya kushuka. Mwanafizikia C. T. R. Wilson alikuwa ametabiri katika miaka ya 1920 kwamba umeme ungeweza kutokea juu ya mawingu, lakini masimulizi ya marubani hayakupewa uzito. Julai 1989 watafiti wa chuo kikuu cha Minnesota waliokuwa wakijaribu kamera ya mwanga hafifu waliinasa mianga hiyo bila kukusudia. Siku hizi hupigwa picha mara kwa mara, mikubwa, ya rangi nyekundu, ikifika kilomita 80 na zaidi juu ya ardhi.

Sasa, mjomba wako.

Alichokieleza, tufe linalong'aa, mvua ya radi, kuingia ndani, kuelea, kupotea kwa mlio, kinalingana na maelezo ya watu wengi wa nchi na zama mbalimbali ambao hawakuwahi kusikia habari za wenzao. Tunaliita tufe la radi. Mmoja wa walioliona alikuwa Roger Jennison, profesa wa elektroniki kutoka Uingereza, akiwa ndani ya ndege ya abiria usiku wa Machi 1963. Ndege ilikuwa katikati ya dhoruba. Baada ya mmweko mkali wa radi, tufe la rangi ya samawati na nyeupe, lenye upana wa sentimita 20 hivi, lilitokea upande wa rubani na kupita kwenye njia katikati ya viti, karibu naye kabisa. Aliandika habari hiyo katika jarida la kisayansi mwaka 1969.

Mwaka 2000 wanasayansi wawili wa New Zealand walitoa dhana kwamba radi inapopiga udongo huyeyusha na kuvukiza silikoni iliyomo, na chembe ndogo za silikoni zikiungua polepole hewani huonekana kama tufe. Kisha, Julai 2012, watafiti wa China waliokuwa wakirekodi radi za kawaida katika uwanda wa juu wa Qinghai walinasa tufe moja kwa bahati. Lilikuwa umbali wa takriban mita 900 na lilidumu kwa sekunde moja na nusu hivi. Vyombo vyao vilichambua mwanga wake vikaona silikoni, chuma na kalsiamu, vitu vya udongo. Dhana ya silikoni ikapata nguvu sana.

Lakini mrudie Jennison. Ndani ya ndege iliyo angani hakuna udongo. Kwa hiyo ama kuna zaidi ya aina moja ya tufe la radi, ama dhana haijakamilika, ama baadhi ya mashahidi waliona kitu kingine. Mwaka 2010 wanafizikia wawili wa Innsbruck, Austria, walionyesha kwa hesabu kwamba radi zinazojirudia haraka karibu na mtu zinaweza kuzalisha sumaku ya kutosha kuuchokoza ubongo, akaona duara la mwanga lisilokuwepo. Huenda hilo linaeleza baadhi ya visa. Halielezi mwanga uliopita kwenye vyombo vya Qinghai, maana chombo hakina ubongo.

Ukiniuliza hukumu yangu: sioni sababu ya kumwita mjomba wako mwongo, na sina uwezo wa kukuhakikishia alichokiona. Kaa naye, umwache asimulie yote kabla hujauliza chochote, na uandike maneno yake kama yalivyo. Usimpe maneno ya kwenye picha za video. Ndipo uulize: alikuwa amesimama wapi, tufe lilipitia mlango au dirisha, je, kabla yake radi ilipiga karibu, lilionekana kubwa kiasi gani likilinganishwa na kitu kilichokuwemo chumbani, lilitoa joto au harufu, liliacha alama ya kuungua? Muhimu kuliko yote, kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani, muulize peke yake, mjomba asiwepo. Watu wawili waliohojiwa mbalimbali na kukubaliana juu ya njia tufe lilikopita wana uzito ambao shahidi mmoja hana, na wanapunguza sana uwezekano wa duara la ubongoni.

Kuhusu mafumbo yaliyobaki, yapo, na mengine ni ya fahari. Ile ishara ya tarehe 15 Agosti 1977 ni mojawapo. Darubini ya redio iliyoitwa Big Ear, Ohio, ilinasa mawimbi makali karibu na megahezi 1,420, masafa ya hidrojeni, kwa sekunde 72, muda ule ule ambao sehemu moja ya anga huchukua kupita mbele ya darubini hiyo. Mwanaastronomia Jerry Ehman alipoyaona kwenye karatasi za kompyuta aliyazungushia kalamu na kuandika "Wow!" pembeni. Darubini ile ilikuwa na vipokezi viwili vilivyoangalia mahali hapo kwa kupishana dakika chache, na ishara ilionekana katika kimoja tu. Imetafutwa mara nyingi tangu hapo, haikurudi. Mimi nadhani ilikuwa kitu cha asili, lakini sina cha kukuonyesha, kwa hiyo ichukue kama dhana yangu tu.

Kuna mianga ya bonde la Hessdalen, Norwei, iliyoonekana mara nyingi kila wiki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliyochunguzwa, mingine iligeuka kuwa taa za magari na ndege. Imebaki sehemu isiyoeleweka, ndiyo maana tangu 1998 kuna kituo kinachojiendesha chenye kamera kuelekea bonde hilo. Na kama mafumbo ya maandishi yanakuvutia, mswada wa Voynich, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi zisizojulikana, uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kipimo cha kaboni kinaonyesha ngozi zake ni za kati ya mwaka 1404 na 1438, picha zake za mimea na nyota ziko wazi kwa kila mtu kuzitazama, na kila miaka michache anatokea mtu wa kutangaza kwamba ameusoma. Hakuna aliyetoa ufunguo ambao mtu mwingine aliutumia kwenye ukurasa tofauti akapata maneno yenye maana. Safari ijayo ukisikia umesomwa, dai ukurasa huo wa pili.